Mtu Aliyetetemeka Kigangoni

Siku ya jubilei ya kigango chetu, mgeni mmoja aliyevaa suti nzito mno kwa jua la Mpimbwe alisimama mbele ya kanisa jipya akamsifu katekista wetu wa zamani. Alisema alikuwa shujaa asiyejua hofu. Watu wakapiga makofi na wanawake wakapiga vigelegele. Mimi nilikaa na mikono yangu mapajani, maana mimi siupigii makofi uongo, hata ukisemwa mbele ya altare.

Asiyejua hofu? Yule? Hofu alikuwa anaijua kama unavyomjua jirani mliyechimba naye kisima. Sikuwahi kuona mwanamume mwoga kuliko katekista wetu, na naapa sitamruhusu mtu aliyekuja kwa gari asubuhi na kuondoka kwa gari jioni aninyang'anye mwoga wangu, aniachie shujaa wa kupaka rangi. Wale waliopiga makofi wengi walikuwa hawajazaliwa. Basi mimi nitasema alivyokuwa, na asiyependa azibe masikio.

Nianze na mbwa. Katekista alikuwa anaogopa mbwa kiasi kwamba hakupiga hodi mlangoni kama watu wengine. Alisimama mbali, kwenye mihogo, akaita, "Hodi, mbwa yuko wapi?" Ukimwambia mbwa amefungwa, alitaka kujua amefungwa na kamba gani. Radi ilipopiga alijificha uvunguni mwa kitanda bila aibu, na mkewe aliwasimulia watu hayo kisimani naye akiwa anasikia. Mto Kavuu aliuvuka akiwa amefumba macho, ameshika shati la mtu aliye mbele yake, kwa sababu ya viboko. Sauti ya mwenyekiti wa kijiji ilimfanya adondoshe alichoshika. Na mikono yake ilitetemeka wakati wote. Alipotusomea Injili, karatasi ilichezacheza mpaka watoto wa mstari wa mbele wakajua neno la Mungu kwa mlio wake kabla ya maana yake.

Watani zetu walifurahi mno kupata mtu kama huyo. Penye harusi au msiba, mmoja wao lazima angesimama, ajifunge kanga kama kanzu, ashike jani la mgomba kama kitabu na kuanza kutetemeka huku akihubiri. Kijiji kizima kingevunjika mbavu. Na katekista mwenyewe alicheka kuliko wote, halafu alimsahihisha mtani: "Goti la kushoto linaanza kwanza. Hili la kulia linafuata baadaye."

Lakini huyo huyo alikwenda. Hapo ndipo yule mgeni wa suti alipokosea. Kila mwezi alitembea kwenda misheni kuchukua Ekaristi kwa ajili ya wagonjwa wetu, njia inayopita porini, penye mbung'o wanaouma juu ya nguo na simba ambao usiku tuliwasikia tukiwa vitandani. Alikwenda peke yake, akiimba kwa sauti kubwa na mbaya. Nilimwuliza siku moja kwa nini anaimba hivyo, kama anawaita simba waje kumla.

"Nikinyamaza nausikia moyo wangu," alisema. "Ukinisikia naimba sana, Mama Skola, ujue nimebanwa."

"Sasa kwa nini usibaki nyumbani?"

"Wagonjwa wananingoja. Na mimi sijaambiwa nisiogope ndipo niende. Nimeambiwa niende."

Kabla ya jambo lolote alisali sala yake fupi, ile ile, kabla ya kuvuka mto, kabla ya kumpatanisha mtu na mkewe, hata kabla ya kupita nyumba yenye mbwa: "Bwana, ni mimi tena. Sina kitu. Tangulia." Halafu alikwenda, magoti yakigongana. Mara ya kwanza kuisikia nilicheka. Niliona ni sala ya mtu mvivu wa maneno.

Mkiniuliza kama alikuwa mtakatifu, nitawaambia mmuulize mkewe. Alikuwa mbahili wa chumvi. Alinusa ugoro katikati ya rozari. Akishindwa bao alinuna mpaka keshokutwa, na alishindwa mara nyingi, maana mkono unaotetemeka unadondosha kete kwenye shimo lisilo lake na wenzake hawakumsamehe. Ghala lake la mpunga lilikuwa na kufuli mbili. Nilimsimanga hapo pia, maana mimi nilikuwa na ulimi. "Mwalimu," nikamwambia, "kila Jumapili unatuambia tumtumaini Mungu, na wewe una kufuli mbili."

"Mungu namtumaini," alisema. "Majirani nawajua."

Wakati huo mume wangu alikuwa Katumba, akifyatua matofali kwenye makazi mapya ya wakimbizi wa Burundi. Nilibaki na mwanangu mchanga na mama mkwe wangu, mama mzee mfupi aliyefinyanga vyungu na mitungi. Vyungu huchomwa kwa moto wa majani na magome, na miaka mingi ya moshi ule ilikuwa imeyafanya macho yake mekundu. Kumbukeni hayo macho.

Katika mafundisho ya jioni kulikuwa na watu wazima waliojiandaa kubatizwa, nami nilikwenda kujikumbusha. Mmoja akamwuliza kama ni kweli Mungu huwapa watu nguvu. Nilidhani atatusomea habari za mashujaa wa zamani. Yeye akatazama mikono yake.

"Anatoa," alisema. "Lakini usije na gunia. Ungepewa gunia zima ungelifungia ndani, ungetia kufuli mbili kama mimi, na baada ya siku chache ungesema ni lako. Anakupa cha kupika leo. Kesho unarudi tena na bakuli lako, unapiga hodi tena, unaona haya tena. Ndiyo ukristo wenyewe huo."

Mafundisho hayo sikuyapenda. Nilikuwa kijana, mgongo wangu ulibeba debe la maji na mtoto kwa pamoja, na hakuna mtu aliyewahi kunionea nikanyamaza. Nguvu zangu nilizijua ziko wapi. Zilikuwa mikononi na mdomoni, na bakuli la kuombea sikuwa nalo.

Kisha tukahamishwa. Zamani kila mtu alikaa kwenye shamba lake, moshi wa jirani unauona mbali. Ulipofika mwaka wa kuhamia vijijini tuliletwa pamoja, nyumba mistari, mlango kwa mlango, na watu ambao hatukujuana tabia. Surua ikaingia kwenye mistari ile. Watoto walikufa mpaka mbao za misalaba zikakosekana. Kitindamimba wa katekista alikuwa mmoja wao, msichana aliyeanza tu kusema. Alimzika mwenyewe, na mkono ukimtetemeka hata udongo aliokuwa anatupia ulidondoka pembeni ya kaburi.

Watu walitafuta wa kumlaumu. Vijana wakawaleta kamchape, ndivyo tulivyowaita waganga wanaozunguka vijijini kufichua wachawi. Wanakuchanja usoni na mikononi kwa wembe, wanakupaka dawa nyeusi, na baada ya hapo wanasema mchawi akiroga tena, dawa itamuua yeye mwenyewe. Anayekataa kuchanjwa amejitaja. Serikali ilikuwa imekataza mambo hayo, na mwenyekiti wa kijiji alilijua katazo, kwa hiyo siku hiyo akakumbuka ana mkutano Mpanda mjini.

Mganga alikuwa kijana mpole, kaptula safi, kioo kidogo kimening'inia kifuani. Watu walijipanga kwenye uwanja wa ghala la kijiji. Waumini wetu walijipanga, mwenyekiti wa kigango alijipanga, na mke wa katekista alichanjwa mapema, damu ikamchirizika kwenye paji la uso. Alikuwa amebakiwa na watoto wawili na alitaka wapone. Katekista alimtazama tu. Wala baadaye sikusikia akimsema kwa hilo hata mara moja.

Mganga akaingia nyumbani kwetu. Akatoka na pembe iliyofungwa kitambaa chekundu, anasema ilikuwa chini ya kitanda cha mama mkwe. Nyumba ile nilikuwa naifagia mimi kila siku! Chini ya kitanda kile kulikuwa na ungo na mbegu za maboga, basi. Lakini nani ataangalia ungo wakati kuna macho mekundu? Wakamvuta yule mama mzee mpaka katikati ya uwanja, wakamkalisha chini. Wengine walitaka afukuzwe kijijini siku ile ile na nyumba ichomwe. Kufukuzwa kwa mtu wa umri wake maana yake ni pori, na mnajua porini kuna nini.

Mimi nilichukua mchi wa kinu nikasimama mbele yake. Niliwaambia wa kwanza kusogea nitampasua kichwa, na nilikuwa nasema kweli. Vijana wakaanza kunizunguka taratibu.

"Mwalimu, zamu yako," mganga aliita, kama vile sisi hatupo.

"Najua," katekista akajibu kutoka kwenye mstari.

"Basi sogea."

"Magoti yamekataa. Ngoja kidogo."

Watu wakacheka, hata siku ile. Nikaona midomo yake ikicheza, nikajua anasema nini. Akatoka kwenye mstari, akampita mganga na wembe wake, akanijia mimi. "Mama Skola, weka mchi chini," alisema. "Nao wanaweza kupata michi." Halafu akaketi mavumbini kando ya mama mkwe, bega kwa bega, akitetemeka mpaka na yule mama mzee akaonekana anatetemeka.

"Nyie wote mnanijua," alisema. "Mimi mwoga. Huo wembe nauogopa, na huyu kijana namwogopa kuliko wembe. Nikifika nyumbani nitatapika. Lakini paji langu la uso lilishawekwa alama siku ya ubatizo, na ya pili sina mahali pa kuiweka. Na huyu bibi hatoki hapa. Mkimtoa, mnitoe na mimi."

"Mtoto wako amekufa, Mwalimu!" mtu alipiga kelele. "Hata humwonei uchungu?"

Nilidhani hapo atavunjika. Akafuta pua kwa mkono.

"Amekufa kwa surua, mikononi mwangu," alisema. "Na maji aliyokunywa mara ya mwisho aliyaleta huyu bibi, kwenye mtungi wake, wakati nyie mmefunga milango."

Yule mganga hakukasirika. Aliinama akamwambia kwa upole kabisa, "Umeidharau dawa, basi hutavuna mpunga wako."

"Huenda," katekista akasema. "Shamba si langu."

Wazee wakakaa pembeni wakapatana. Mama mkwe aachwe mpaka mavuno. Katekista akivuna akiwa hai, yule mama hana kosa. Akifa kabla, basi dawa imesema, na vijana wafanye walilotaka kufanya. Yaani uhai wa mama mkwe wangu ukatundikwa kwenye pumzi ya mwanamume anayekimbia mbwa.

Hasira zangu zilidumu mpaka jioni. Nasema hivi kwa sababu nilizipima. Jioni nilipobandika ugali mikono ilikuwa mizito, na kesho yake nilipotazama mchi niliona ni mchi tu. Na mpunga ndiyo kwanza ulikuwa wa kijani.

Yeye alibaki na hofu yake, na hofu ile ilimrudisha kila asubuhi kupiga hodi kwa Mungu. Kengele ya kigango ilikuwa rimu ya lori iliyotundikwa kwenye nguzo mbele ya kanisa la miti, naye aliigonga kwa boliti kubwa ya chuma kila alfajiri. Zamani nusu ya kijiji walijifunika shuka wasisikie. Msimu ule wote walisikiliza. Mlio ukija, ungesikia milango, watu wakiambiana, "Bado yupo." Njiani walimwuliza wazi wazi, bila haya, "Mwalimu, hujafa?" Naye alijibu, "Bado. Ni mimi tena."

Msidhani alikuwa anatembea kifua mbele. Tumbo likimkata kidogo alikuja kwetu uso umempauka. Siku moja alikaa karibu na mama mkwe akifinyanga, akamtazama sana, mwisho akauliza, "Bibi, hivi wewe kweli si mchawi?"

"Ningekuwa mchawi," mama mkwe alimjibu bila kuinua macho kutoka kwenye udongo, "ningeanza na wewe, unavyonimalizia ugoro wangu."

Alicheka mpaka akakohoa, akaomba ugoro mwingine.

Mimi nilimbana aende Mpanda akaripoti polisi. Alikwenda, alitetemeka mbele ya ofisa, akasikilizwa na kuambiwa litashughulikiwa. Alirudi na vumbi na malengelenge. "Nimefanya langu," alisema. "Sasa tumlinde bibi tukingoja." Nilimwuliza tumlinde kwa kitu gani, kwa sala za maneno machache? Akasema, "Kwa hizo hizo. Ningekuwa na kubwa zaidi ningekupa."

Mpunga ukaanza kuinamisha vichwa. Ndipo asubuhi moja rimu haikulia.

Nilikuwa nawasha moto. Mama mkwe alisimamisha mikono juu ya chungu. "Hajagonga," alisema. Tukangoja. Jua likachomoza, kimya. Nikachungulia nje nikaona vijana wanakusanyika ghalani, mmoja na rungu, mwingine na kiberiti anakitupatupa mkononi. Nikaufuata mchi. Mama mkwe akanizuia. "Uache huo mchi," alisema. "Nenda kwa Mwalimu."

Nilikimbia. Nilimkuta kando ya moto, amefunikwa blanketi, meno yanagongana. Malaria ilikuwa imemkamata tangu usiku. Mkewe alikuwa anamnywesha uji, nao unamwagika.

"Mama Skola," alisema, "nipelekeni kigangoni."

"Huwezi hata kukaa," mkewe akamwambia.

"Ndiyo maana nimesema nipelekeni. Sijasema nakwenda."

Tulishikana mikono, mimi na mkewe, tukamkalisha katikati kama mtoto, tukambeba. Alikuwa mwepesi kuliko nilivyofikiri. Kwenye nguzo tulimwegemeza, akashika boliti, akasema sala yake. Akagonga. Ikalia kidogo. Mkono ukaanguka. Tukangoja apumue, akagonga tena. Mkono ukaanguka tena. Hapo mkewe, yule yule mwenye kovu la kamchape kwenye paji la uso, akamshika kifundo cha mkono akauinua, wakagonga pamoja. Wakapumzika. Wakagonga.

Sisi tulifurahi kwamba inalia. Hatukukumbuka jambo ambalo kila mtoto wa kijiji kile alilijua: rimu ikigongwa haraka haraka ni wito wa sala, ikigongwa moja moja, kwa kituo, kuna mtu amefariki.

Kilio cha kwanza kilitoka mstari wa juu. Kikajibiwa mstari wa chini. Punde nikaona watu wanakuja kutoka kila upande, wanawake mikono kichwani, wanaume na majembe ya kuchimbia kaburi. Watani walitangulia kama desturi yao ilivyo, na mmoja alishajifunga kanga anatetemeka kwa ustadi, analia na kuchekesha kwa wakati mmoja. Wale vijana waliokuwa wameshaanza kushika njia ya kwetu nao wakageuza, maana msibani hakuna anayebaki, hata kama marehemu ni mtu uliyekuwa unamngoja afe. Mama mkwe alikuja naye, mikono yake imejaa udongo, analia kama mtoto.

Mtani alikata kona ya kanisa, akamwona marehemu. Goti lake la kushoto likasimama angani.

"Nyie mnalia nini?" katekista akauliza kutoka kwenye blanketi. "Nani amekufa?"

Watu wakatazamana. Mzee mmoja akavua kofia. "Wewe, Mwalimu."

"Mbona sikuambiwa?"

Sijui nani alianza kucheka. Nadhani ni mkewe. Walicheka na kulia mpaka majembe yakawadondoka. Yeye akangoja watulie, akawatazama wote, mstari kwa mstari. "Tangu nianze kazi hii sijawahi kuwaona wote kwa pamoja," alisema. "Basi kwa kuwa mmekuja, tusali." Vijana waliweka marungu chini, maana huwezi kufanya ishara ya msalaba umeshika rungu. Akasema, "Bwana, ni mimi tena. Sina kitu," na kabla ya kumaliza akasinzia, ikabidi mkewe amalizie kwa sauti: "Tangulia."

Na mnajua kijiji kilivyoamua? Nitawaambia, na bado inaniudhi. Yule mzee alivaa kofia yake akasema jambo limekwisha. Mtu ameshaliliwa, majembe yametoka, watani wamecheza. Msiba umeshafanyika, na mtu haliliwi mara mbili kwa dawa moja. Kwa hiyo dawa ya kamchape imetumika, imeisha, na bibi arudi kwenye vyungu vyake. Wote wakaona ni maneno ya busara, wakaenda zao kulima. Kiberiti nilikikuta kwenye majani.

Alipopona nilimfuata nikiwa nafoka. Alikuwa amevuna mpunga wake, ametuwekea kikapu, wa kwanza kabisa kuvunwa. Nikamwambia akichukue kikapu kile akipitishe kila mlango, awaambie Mungu ndiye aliyeshinda, si kilio chao na majembe yao. Na yeye mwenyewe ajitangaze! Alisimama walipoogopa wote, basi ajitangaze!

"Bibi amelala wapi jana?" aliniuliza.

"Nyumbani kwake."

"Basi. Mungu haoni haya kupita mlango wa nyuma." Akaketi kwenye kigoda. "Na mimi usinitangaze, Mama Skola. Ukinisifu sana nitaanza kusimama mwenyewe, na nikisimama mwenyewe unayajua magoti yangu."

Sikukubali. Nilirudi nyumbani nikatwanga kwa hasira mpaka mchele ukawa chenga.

Mara ya mwisho kukaa naye ilikuwa mwishoni mwa miaka ile ya sabini. Vijana walikuwa wamekwenda vitani Uganda, sabuni na sukari vimeadimika, na mama mkwe wangu alikuwa amefariki kitandani kwake, amechoka tu, tumemzika na nyimbo zote. Udongo wake niliurithi mimi. Nilifinyanga na kuchoma, na moshi ukafanya kazi yake. Nilipojitazama kwenye maji ya ndoo niliyaona macho yake usoni mwangu.

Mvua zilikuwa chache mwaka ule. Habari zikaja kwamba kamchape wamevuka mto, wako njiani. Watoto walianza kunyamaza nikipita. Mwanamke mmoja alinirudishia chungu alichonunua, akakiweka mlangoni bila hodi. Mume wangu, aliyekuwa amerudi, alisema tufunge mizigo twende Katumba mapema. Nilimwambia sikimbii. Nilipiga kelele jirani wasikie. Kisha nikajifunga kanga nikaenda kwa katekista, kwa njia ya nyuma.

Alikuwa amepooza upande wa kulia. Alikaa kivulini kwenye kiti cha kamba, na mkono wake wa kulia ulikuwa umelala pajani, umetulia kabisa. Sikuwahi kuuona umetulia. Nilimwamkia, akaitikia kwa mdomo uliokwenda upande.

"Huu hautetemeki tena," alisema alipoona naukodolea macho. Kisha akauinua wa kushoto, nao ukatetemeka kama zamani, akatabasamu kwa nusu ya uso. "Lakini huu bado mkristo."

Nilicheka. Halafu nikajikuta silii wala sicheki, nimekaa chini, kanga yangu nimeikunja mkononi.

"Mwalimu, wanakuja," nilisema.

"Nimesikia."

"Mara hii ni mimi."

"Najua."

Nilikuwa nimejiandalia maneno. Nilitaka kumwambia kwamba sitachanjwa, kwamba pembe yao nitawapigia nayo, kwamba watanijua mimi ni nani. Nilifungua mdomo na hayakutoka. Nikasema, "Mwalimu, naogopa." Sikuwahi kumwambia mtu maneno hayo, si mume wangu, si mama yangu mzazi. Magoti yangu yalikuwa yanagongana chini ya kanga, la kushoto ndilo lililoanza.

Nilidhani atanionea huruma. Yule mzee alifurahi! Upande wa uso wake uliokuwa hai uliwaka kama mtu aliyeletewa mgeni wa mbali.

"Aa," alisema. "Umefika. Nimekungoja muda mrefu, mama, ulikuwa na nguvu mno. Sasa tunaweza kuanza."

Akaniambia nichukue boliti ile ya kugongea rimu, iliyokuwa mvunguni mwa kiti. Nikaishika mikono yangu miwili na bado ilicheza. Akaniambia niseme sala. Nikamwambia ninaijua, nimeisikia miaka yote. Akasema kuisikia siyo kuisema. Basi niliisema, mimi niliyekuwa nikiicheka, mbele ya mzee aliyepooza na kuku wake: Bwana, ni mimi. Akanisubiri. Sina kitu, nikasema, na ilikuwa kweli, nilitafuta ndani yangu kote sikukuta kitu. Tangulia.

Mizigo hatukufunga. Kesho yake alfajiri nilisimama kwenye nguzo mbele ya kanisa la miti, sijui watakuja leo au wiki ijayo, natetemeka mwili mzima. Nikagonga rimu. Niliigonga haraka haraka, watu wasije wakadhani nimekufa.